Ng'ombe Mmoja, Sifa Kumi na Sita

Katika miaka ya 1980, viinitete vya ng'ombe vilivyogandishwa vilisafirishwa kutoka Gambia hadi Nairobi. Vilikuwa vya N'Dama, ng'ombe wadogo wasio na nundu wa Afrika Magharibi. Vilipofika vilipandikizwa kwa majike wa Kenya wa koo la Boran, nao wakabeba mimba wasizozitunga na kuzaa ndama wasiofanana nao hata kidogo. Kazi hiyo ilifanyika Kabete, pembezoni mwa Nairobi, chini ya ILRAD, maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo iliyoanzishwa mwaka 1973.

Kilichowasukuma watafiti ni mbung'o. Mdudu huyu ameshika karibu kilomita za mraba milioni 10 za Afrika, na akimuuma ng'ombe humwachia vimelea vya tripanosoma, chanzo cha nagana. Mnyama hukonda, damu humpungua, maziwa hukatika, na asipotibiwa mara nyingi hufa. David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alivitambua vimelea hivyo huko Zululand mwaka 1895, na tangu hapo serikali za kikoloni na zilizofuata zimefyeka vichaka, zimepulizia sumu na kuchoma sindano. N'Dama huishi na kuzaa katikati ya mbung'o bila msaada mkubwa wa dawa. Boran, ng'ombe wa Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya ambaye baadaye aliboreshwa katika ranchi za Kenya, ana mwili mkubwa na nyama nyingi, lakini nagana humwangusha mapema.

Watafiti walitaka kujua ustahimilivu wa N'Dama uko wapi katika kromosomu zake. Swali lilionekana kuwa moja, ila lilipofikishwa kwenye mizani na hadubini liligawanyika. Mnyama mstahimilivu ni yupi? Ni yule ambaye vimelea haviongezeki katika damu yake, au yule ambaye damu haimpungui ijapokuwa vimelea vimejaa, au yule ambaye uzito wake haushuki? Hatimaye watafiti waliorodhesha sifa 16 za kupimwa. Majibu yalichapishwa mwaka 2003, na yaliwezekana kwa sababu ya kazi ya takwimu iliyokuwa imefanywa kwa takriban miaka themanini, na watu ambao wengi wao hawakuwahi kumwona N'Dama.

Kabla jeni hazijaonekana

Mwanzoni mwa karne ya 20 wasomi wa Uingereza walikuwa kambi mbili. William Bateson na wenzake walimfuata Gregor Mendel, ambaye makala yake ya mwaka 1866 kuhusu njegere ilifufuliwa mwaka 1900. Kwao urithi ulikuwa wa vipande vinavyohesabika, kama vile ua jeupe au la zambarau, mbegu laini au iliyokunjamana. Kambi ya pili ilikuwa ya wapimaji wakiongozwa na Karl Pearson, nao waliuliza swali gumu. Kama urithi ni wa vipande, mbona urefu wa watu, uzito wa mbuzi na maziwa ya ng'ombe havina mipaka ya wazi, bali hupanda kidogo kidogo toka wa chini hadi wa juu?

Mwaka 1918, Ronald Fisher, kijana wa miaka 28 aliyekuwa akijipatia riziki kwa kufundisha shule, alizipatanisha kambi hizo kwa hesabu. Wasomaji walioombwa kuipitia makala yake huko London walikuwa na mashaka nayo, ikachapishwa Edinburgh. Fisher alionyesha kwamba jeni nyingi, kila moja ikifuata kanuni za Mendel na kuongeza au kupunguza kidogo tu, zikijumlishwa huzaa mtawanyiko uleule ambao wapimaji waliuona. Katika makala hiyohiyo aliigawa tofauti iliyopo kati ya viumbe katika mafungu, fungu la urithi na fungu la mazingira. Tangu hapo mtu aliweza kuuliza, kwa namba, ni kiasi gani cha tofauti ya maziwa kati ya ng'ombe wawili kinaweza kurithiwa na ndama wao.

Marekani, Sewall Wright alikuwa akifikia mambo yanayokaribiana na hayo kwa kuchunguza vizazi vya simbilisi (guinea pig) katika Wizara ya Kilimo. Aliyeyachukua mawazo hayo na kuyapeleka zizini ni Jay Lush wa Chuo cha Iowa. Lush alisafiri hadi Chicago kumsikiliza Wright akifundisha, na mwaka 1937 alitoa kitabu kilichobadili ufugaji wa Marekani, *Animal Breeding Plans*. Alihubiri kwamba dume achaguliwe kwa kumbukumbu za watoto na ndugu zake, badala ya umbo la kupendeza au ukoo wenye sifa.

Mwanafunzi wa Lush, Lanoy Hazel, ndiye aliyelishika tatizo la sifa nyingi. Mfugaji wa nguruwe hachagui jambo moja. Anataka anayekua haraka, mwenye umbo la sokoni, aliyezaliwa na jike lizaalo watoto wengi. Mwaka 1942 Hazel na Lush walilinganisha njia tatu za uteuzi: kushughulikia sifa moja hadi iridhishe kisha kuhamia nyingine, kuweka kiwango cha chini kwa kila sifa na kuondoa wote wanaoshindwa, au kuzijumlisha sifa zote katika alama moja. Njia ya tatu ilishinda. Mwaka uliofuata Hazel alieleza jinsi alama hiyo, iitwayo fahirisi ya uteuzi, inavyotengenezwa. Inahitaji thamani ya kila sifa kwa fedha, kiwango cha kila sifa kurithiwa, na uhusiano wa kijenetiki baina ya sifa, yaani ni kwa kiasi gani jeni zinazopandisha moja huigusa pia nyingine na kwa upande upi.

Miaka hiyohiyo, katikati ya Tanganyika, kituo cha Mpwapwa kilikuwa kikihangaika na tatizo la namna hiyo bila hesabu za Iowa. Kilitaka ng'ombe mmoja mwenye maziwa, nyama na uvumilivu wa ukame. Damu za Red Sindhi na Sahiwal kutoka Bara Hindi zilichanganywa na za zebu wa kienyeji, Boran na Ayrshire, na kufikia mwaka 1958 koo la Mpwapwa lilitambuliwa rasmi. Nyenzo zilikuwa daftari la kumbukumbu, mzani na jicho la mfugaji.

Kilichobaki kilikuwa ugumu wa kukokotoa. Fahirisi ya Hazel ilidhani wanyama wote wamepimwa katika hali moja, jambo ambalo halitokei. Mwanafunzi mwingine wa Iowa, Charles Henderson, aliyehamia Chuo Kikuu cha Cornell, alitunga milinganyo inayokadiria thamani ya urithi ya kila mnyama huku ikiondoa athari za zizi, mwaka na msimu, na kumtumia kila ndugu kama shahidi. Milinganyo hiyo ilihitaji jedwali la undugu wa wanyama wote lipinduliwe kihesabu, kazi isiyowezekana kwa maelfu ya ng'ombe. Mwaka 1976 Henderson aligundua kanuni fupi ya kuliandika jedwali lililopinduliwa moja kwa moja kutoka kwenye orodha ya wazazi. Mwaka huohuo, pamoja na Richard Quaas, alitoa njia ya kukadiria sifa nyingi kwa mpigo. Hadi leo tathmini za ng'ombe wa maziwa duniani zimesimama juu ya kazi hiyo.

Katika hayo yote, hakuna jeni hata moja iliyojulikana mahali ilipo. Hesabu zilimwambia mfugaji kwamba maziwa na uzazi vinavutana, ila hazikumwambia vinavutania wapi.

Kutoka maharage hadi kromosomu

Dalili ya kwanza kwamba mahali hapo pangeweza kupatikana ilitoka kwenye maharage. Mwaka 1923 Karl Sax alichanganya maharage yenye punje kubwa za rangi na yenye punje ndogo nyeupe. Katika kizazi kilichofuata aliona kwamba rangi iliambatana na uzito. Rangi ilirithiwa kwa jeni inayojulikana, kwa hiyo palikuwa na jeni ya uzito jirani yake kwenye kromosomu ileile. Rangi ilikuwa alama, na alama iliweza kufuatwa.

Kwa ng'ombe, alama zilikuwa haba. Mwaka 1961 Neimann-Sørensen wa Denmark na Alan Robertson wa Edinburgh walijaribu kutumia makundi ya damu ya ng'ombe wa Denmark kutafuta jeni za uzalishaji, wakaambulia machache, kwa kuwa makundi ya damu yalikuwa yakigusa sehemu ndogo tu ya kromosomu. Mlango ulifunguka mwaka 1980, pale David Botstein na wenzake walipopendekeza kwamba tofauti ndogondogo za DNA yenyewe zitumike kama alama. Hizo zimetapakaa kila mahali.

Alama zikiwa nyingi, swali likageuka kuwa la takwimu tupu. Jeni inayotafutwa iko kati ya alama mbili, haionekani, na athari yake ni ndogo kuliko kelele za mazingira. Mwaka 1989 Botstein akishirikiana na Eric Lander, mwanahisabati aliyekuwa amefundisha katika shule ya biashara ya Harvard, alitoa njia ya kutembea juu ya kromosomu hatua kwa hatua. Katika kila nukta unakokotoa uwezekano kwamba mnyama amerithi kipande cha babu huyu au yule kwa kuangalia alama za pande zote mbili, kisha unapima kama kipande hicho kinaeleza tofauti za sifa. Pale ushahidi unapopanda kama kilele, ndipo jeni inapodhaniwa kuwa. Mwaka 1992 Chris Haley na Sara Knott wa Edinburgh walionyesha kwamba majibu yanayokaribiana kabisa na hayo hupatikana kwa hesabu nyepesi ya mstari, ambayo kompyuta yoyote ya wakati ule iliimudu.

Miaka miwili baadaye njia hizi zilifika zizini kwa kishindo. Leif Andersson na wenzake wa Sweden walimchanganya nguruwe pori wa Ulaya na nguruwe wa kufugwa wa Large White, wakachunguza wajukuu 200. Kromosomu ya nne ilionekana kubeba athari kubwa juu ya mafuta ya mwili, na pia juu ya ukuaji na urefu wa utumbo mwembamba. Eneo moja, sifa tatu.

Cherehani na redio

Hapo ndipo takwimu za sifa moja moja zilipoanza kupwaya. Ukipita nje ya nyumba ya kupanga ukasikia cherehani na redio kwa pamoja, huwezi kujua kama ndani mna fundi mmoja anayeshona huku akisikiliza taarifa, au wapangaji wawili waliotenganishwa na ukuta. Kromosomu nayo huwa hivyo. Eneo linalogusa mafuta na ukuaji linaweza kuwa na jeni moja yenye kazi mbili, au jeni mbili zilizokaa karibu. Kwa mfugaji tofauti hiyo ni kubwa. Jeni mbili zinaweza kutenganishwa kwa uzao wa vizazi kadhaa, akachukua nzuri na kuacha mbaya. Jeni moja haigawanyiki, na akiichukua amechukua yote.

Mwaka 1995 jarida la *Genetics* lilichapisha makala mbili juu ya jambo hilo. Ya kwanza ilikuwa ya Changjian Jiang na Zhao-Bang Zeng wa North Carolina, na ya pili ya Abraham Korol, Yefim Ronin na Valery Kirzhner wa Chuo Kikuu cha Haifa, Israeli. Badala ya kupima sifa moja, kuandika jibu, kisha kurudia kwa ya pili, walizichukua sifa zote kwa pamoja pamoja na uhusiano uliopo kati yake. Kutenganisha jeni moja na jeni mbili kukawa shauri la kulinganisha simulizi mbili. Katika ya kwanza unailazimisha hesabu iweke sifa zote nukta moja. Katika ya pili unaiacha kila sifa itafute nukta yake. Kama simulizi ya pili inaeleza data vizuri zaidi kwa kiasi kisichoweza kuwa bahati tu, wapangaji ni wawili.

Njia hiyo ilileta faida nyingine ambayo haionekani haraka. Sifa zinazoambatana kwa kawaida huwa na kelele zinazofanana: ng'ombe aliyekula vizuri hutoa maziwa mengi, na kwa hiyo mafuta mengi. Ikitokea jeni inayovunja mazoea hayo, inayopandisha kimoja na kushusha kingine, uchambuzi wa pamoja huikamata upesi, kwa sababu chakula na hali ya hewa haviwezi kusingiziwa.

Jeni ya namna hiyo ilipatikana. Mwaka 1998 Wouter Coppieters, Michel Georges na wenzao wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, waliripoti eneo lenye nguvu kubwa kwenye ncha ya kromosomu ya 14 ya ng'ombe wa maziwa. Mwaka 2002 kundi la Georges, likifanya kazi na wafugaji wa New Zealand, liliitaja jeni yenyewe kuwa DGAT1, inayotengeneza kimeng'enya cha kuunganisha mafuta. Herufi mbili za DNA zikibadilika, asidi amino ya lisini hugeuka kuwa alanini. Ng'ombe mwenye lisini hutoa mafuta mengi zaidi, lakini maziwa na protini hupungua. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba lisini ndiyo ya asili na imejaa kwa ng'ombe wa zebu, wakati alanini ilienea kwa ng'ombe wa Ulaya walioteuliwa kwa wingi wa maziwa. Wafugaji waliouza kwa lita walikuwa wakichagua upande mmoja wa jeni hiyo bila kujua kwamba ipo.

Wajukuu 177 wa Kabete

Nairobi, kazi ilikuwa imeendelea. ILRAD iliungana mwaka 1994 na kituo cha mifugo cha Addis Ababa, ikawa ILRI. N'Dama walichanganywa na Boran, watoto wao wakachanganywa wenyewe kwa wenyewe, na wajukuu wakapatikana kila mmoja akiwa na mchanganyiko wake wa vipande vya pande mbili. Waliumwa na mbung'o waliobeba *Trypanosoma congolense*, kisha wakafuatiliwa: damu ikachukuliwa, vimelea vikahesabiwa, uzito ukapimwa tena na tena. Wajukuu 177, wazazi na babu zao walisomwa alama 477 zilizofunika asilimia 82 ya urithi wao.

Ulimwengu wa takwimu ulikutana kwenye meza hiyo. Korol na Ronin wa Haifa walikuwemo. Alikuwemo Moshe Soller wa Jerusalem, mmoja wa waasisi wa kutafuta jeni za mifugo kwa alama. Kutoka ILRI walikuwepo Olivier Hanotte, Steve Kemp, Alan Teale, na Morris Agaba, ambaye baadaye akiwa Taasisi ya Nelson Mandela mjini Arusha alishiriki kusoma urithi kamili wa twiga.

Tatizo la kwanza lilikuwa wingi wa maswali. Sifa 16 mara kromosomu 29 ni majaribio 464. Kwa kipimo cha kawaida cha kukubali kosa moja katika ishirini, hata kama hakuna jeni yoyote, majibu ya uongo yangekuwa kwa wastani zaidi ya ishirini. Suluhisho lilitoka kwa wanatakwimu Yoav Benjamini na Yosef Hochberg, ambao mwaka 1995 walipendekeza kwamba mtafiti asijaribu kuzuia kila kosa, bali adhibiti sehemu ya makosa ndani ya orodha anayoitangaza. Mwaka 1998 Joel Weller na wenzake waliileta kanuni hiyo kwenye jeni za mifugo. Kundi la Nairobi lilichagua kiwango kisichofika asilimia 20, likimwambia msomaji waziwazi kwamba hadi moja katika kila matokeo matano huenda si ya kweli.

Matokeo yalitokea kwenye kromosomu 18. Kila eneo lilieleza kati ya asilimia 6 na 20 ya tofauti za sifa husika. Hapakuwa na jeni moja kubwa ya ustahimilivu. Palikuwa na maeneo mengi ya nguvu ya wastani, mengine yakigusa upungufu wa damu, mengine uzito, mengine idadi ya vimelea.

Jambo lililowashangaza wengi lilikuwa asili ya uwezo huo. Katika maeneo tisa, kipande cha kustahimili kilitoka kwa N'Dama. Katika matano, kilitoka kwa Boran. Katika manne, mnyama mwenye kimoja cha kila upande alifanya vizuri kuliko mwenye viwili vya upande mmoja. Boran, aliyechukuliwa kuwa dhaifu, alikuwa na akiba yake mwenyewe. Wafugaji wa pwani ya Kenya wangeweza kuwa na neno hapo: huko Galana, watafiti wa miaka ya 1980 walikuwa wameonyesha kwamba Boran wa Waorma, walioishi na mbung'o kwa vizazi, walihitaji dawa mara chache kuliko Boran wa ranchi.

Mwaka huohuo 2003, Jan Naessens na wenzake wa ILRI walitoa ushahidi wa njia nyingine. Walichunguza ndama pacha, mmoja N'Dama na mwingine Boran, waliokuwa wameshirikiana damu tumboni hata kila mmoja akawa na chembe za mwenzake. Uwezo wa kuzuia damu isipungue ulifuata chembe za damu. Uwezo wa kuvizuia vimelea haukuzifuata. Ustahimilivu ulikuwa angalau mambo mawili, kama takwimu za sifa nyingi zilivyokuwa zikionyesha.

Waandishi wa makala ya 2003 walihitimisha kwamba kwa kukusanya vipande vizuri vya pande zote mbili ingewezekana kujenga koo jipya linalostahimili kuliko N'Dama mwenyewe. Hesabu ilikuwa sahihi, utekelezaji ukawa mlima. Kila eneo lilikuwa pana, lenye jeni nyingi ndani yake. Mwaka 2011 Harry Noyes wa Liverpool na wenzake walilipunguza eneo la kromosomu ya 2 na la kromosomu ya 7 hadi jeni mbili zinazoshukiwa, ARHGAP15 na TICAM1, baada ya kuunganisha ramani ya awali na usomaji wa DNA na utendaji wa jeni mwilini. Hizo ni kromosomu mbili kati ya kumi na nane, zikiwa zimechukua miaka minane. ILRI ilijaribu pia njia nyingine: ikishirikiana na Taasisi ya Roslin ya Scotland ilizalisha kwa uklonishaji dume wa Boran aliyeitwa Tumaini, kama hatua ya kuelekea kupandikiza jeni ya nyani inayoua tripanosoma.

Kuacha kutafuta, kuanza kutabiri

Wakati huo fikra ya kutafuta jeni moja moja ilikuwa tayari imepata mpinzani. Mwaka 2001 Theo Meuwissen, Ben Hayes na Mike Goddard walipendekeza kwamba mfugaji asisubiri jeni zitajwe majina. Atumie alama zote kwa pamoja, makumi ya maelfu, aipe kila moja uzito wake mdogo, kisha ajumlishe. Alama nyingi kiasi hicho hazikuwa zikipatikana kwa bei nafuu walipoandika. Miaka michache baadaye vilikuja vipande vya maabara vyenye alama zipatazo 54,000 za ng'ombe, na Januari 2009 Marekani ilitangaza tathmini rasmi za madume wa Holstein na Jersey kwa njia hiyo. Dume aliyehitaji miaka ya kusubiri mabinti wakamuliwe sasa alipimwa akiwa ndama.

Ramani za sifa nyingi hazikutupwa kwa sababu hiyo. Mwaka 2014 Naveen Kumar Kadri na wenzake walikuwa wakichunguza kwa nini uzazi ulikuwa ukisuasua kwa ng'ombe wekundu wa nchi za kaskazini mwa Ulaya. Kwenye kromosomu ya 12 walikuta kipande cha herufi zipatazo 660,000 kimepotea. Kiinitete kinachorithi upungufu huo kutoka kwa baba na mama hufa. Kilichowashtua ni kuenea kwake: asilimia 13 ya ng'ombe wekundu wa Denmark waliubeba, 23 Sweden, 32 Finland. Jibu lilikuwa kwenye sifa ya pili. Mnyama mwenye nakala moja ya upungufu huo hutoa maziwa zaidi. Kwa miongo mingi wafugaji waliochagua maziwa walikuwa wakieneza kifo cha viinitete, na aliyeangalia maziwa peke yake asingeona kasoro.

Mwaka huohuo huko Australia, Sunduimijid Bolormaa, Goddard na wenzao walipima sifa 32 kwa ng'ombe wa nyama 10,191 na alama 729,068. Kuweka sifa 32 katika mlinganyo mmoja mkubwa kungeishinda kompyuta, na wanyama wengi hawakuwa wamepimwa sifa zote. Wakabuni njia ya mkato: kila sifa ichambuliwe peke yake, kisha kwa kila alama majibu 32 yaunganishwe kuwa kipimo kimoja kinachozingatia jinsi sifa zinavyoambatana. Waliziainisha jeni kwa tabia zake, yaani zile zinazokuza mwili wote, zile zinazohamisha mafuta, na zile zinazowahisha au kuchelewesha balehe. Njia hiyo inatumika leo hata kwa data za nchi mbalimbali ambazo haziwezi kuwekwa kapu moja.

Afrika Mashariki imeingia katika hatua hii kwa mlango wa maziwa. Mwaka 2016 programu ya ADGG, ikiongozwa na ILRI, ilianza Tanzania na Ethiopia kukusanya kumbukumbu za ng'ombe chotara wa wafugaji wadogo: maziwa ya siku ya kupimwa, uzito unaokadiriwa kwa utepe wa kifuani, tarehe za kuzaa na kupandishwa. Wengi wa ng'ombe hao hawana nasaba iliyoandikwa, na jedwali la Henderson lisingekuwa na cha kuanzia. Leo undugu husomwa kutoka kwenye DNA yenyewe, na milinganyo ileile ya Cornell hufanya kazi kwa ng'ombe wawili watatu wa mkulima asiyemjua baba yao.

Upungufu mkubwa uliobaki hauko kwenye hesabu. Programu za kompyuta zinapatikana, bei ya kusoma DNA imeshuka, na wataalamu wa kuzitumia wamo Nairobi, Arusha na Addis Ababa. Kinachopungua ni vipimo vya sifa ambazo hazina soko la moja kwa moja: siku kati ya uzazi na uzazi, ndama waliokufa, magonjwa yaliyotibiwa, uzito wa msimu wa kiangazi. Mfugaji anayeandika lita peke yake, na afisa mifugo anayechukua lita peke yake, wanarudia njia ya Finland. Mradi wowote wa kuboresha ng'ombe unaofadhiliwa sasa katika nchi zetu unapaswa kuwalipa watu wa kupima na kuandika sifa hizo kabla ya kununua dozi ya kwanza ya mbegu.